Pipeti inayorudia kipimo kilekile yaweza kuwa inapunja

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya maabara mjini Kisumu. Tuliijaribu pipeti ya mikrolita 100, yaani kifaa cha kuvuta na kumwaga kiasi kidogo cha kimiminika, kwa kupima uzito wa maji yaliyokenekwa, mara 10, na mizani ikaonyesha kati ya miligramu 95.9 na 96.4, wastani ukiwa 96.2. Maji yalikuwa na joto la nyuzi 28. Mwenzangu anasema pipeti ni nzuri kwa sababu haiyumbi, ilhali wengine wanalaumu mwinuko wa mji wetu. Je, tuiamini, au tuifidie kwa kuiweka kwenye 103.5?

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako ameona jambo la kweli, ila ni nusu tu ya jambo. Vipimo vyenu vinakaribiana sana, na huo ni uthabiti; lakini havikaribii 100, na huo ndio usahihi unaokosekana. Kwa joto la nyuzi 28 mililita moja ya maji ina uzito wa takriban gramu 0.996, na hewa nayo huyainua maji kidogo juu ya mizani, kwa hiyo miligramu 96.2 ni sawa na mikrolita 96.7 hivi. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8655 huiruhusu pipeti ya ukubwa huo ikosee kwa mikrolita 0.8 tu. Yenu inapunja zaidi ya 3.

Kuhusu mwinuko, hoja ina msingi, ila haitoshi. Pipeti nyingi huvuta kimiminika kwa msaada wa hewa iliyo chini ya pistoni. Uzito wa kimiminika kinachoning'inia ndani ya ncha ya plastiki huitanua hewa hiyo, na huitanua zaidi pale kanieneo ya hewa ilipo ndogo, kama Kisumu iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Nakuru iliyo juu zaidi. Hata hivyo, kwa mikrolita 100 tofauti hiyo ni sehemu ndogo ya mikrolita moja. Tena, kama pete ya mpira inayoziba hewa kwenye pistoni ingekuwa inavujisha, ningetarajia vipimo vitawanyike. Kwa kuwa vyenu vimetulia, mimi ningeshuku kwanza marekebisho ya pipeti yenyewe, au ncha za plastiki zisizolingana nayo. Jaribuni ncha zinazopendekezwa na mtengenezaji, mzilowanishe kwa kuvuta na kumwaga maji mara kadhaa kabla ya kupima, na mfunike chombo kilicho juu ya mizani, maana katika joto la Kisumu maji hupotea kwa mvuke upesi.

Kuiweka kwenye 103.5 siwashauri hata kidogo. Hamjui kama upungufu ni uleule kwenye mikrolita 10 au 50, na atakayeishika pipeti kesho hatajua siri hiyo. Pimeni viwango vya 10, 50 na 100, mara 10 kila kimoja, kisha ipelekeni kwenye maabara ya urekebishaji iliyoidhinishwa na KENAS, shirika la Kenya la kuidhinisha maabara. Angalieni pia mizani: inayosoma hadi sehemu ya kumi ya miligramu inatosha kufichua kosa kubwa kama hili, lakini haiwezi kuihukumu pipeti ya mikrolita 10, ambayo ruhusa yake ni mikrolita 0.12 pekee.

Yapo mazingira ambamo kosa hili hujificha. Ikiwa pipeti moja inapima sampuli ya mgonjwa na vilevile kimiminika cha kulinganishia, kwa kiasi kilekile, upungufu unakuwa sawa pande zote na majibu hubaki karibu na ukweli. Siku pipeti nyingine iliyo sahihi inapopima kimiminika cha kulinganishia, na hii ikabaki na sampuli, majibu ya wagonjwa wote hushuka kwa asilimia 3 hivi kwa pamoja, na kurudia kipimo kwa pipeti zilezile hakutalifichua. Kwa hiyo iwekeni kando, muibandike karatasi inayosema isitumike, hadi irekebishwe na kupimwa upya.