Jibu: Friji inapiga shoti ukiigusa ingawa testa inawaka kwenye soketi

Ndugu, testa inathibitisha tu kwamba waya wa moto una umeme. Haisemi lolote kuhusu ethi (waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme unaovuja), na shaka yangu iko hapo hapo. Mwite fundi apime kwa multimita (kifaa cha kupimia volti): ukiitazama soketi yetu ya matundu matatu, ethi iko juu, moto chini kulia na nyutro (waya wa kurudisha umeme) chini kushoto. Kati ya moto na nyutro zisomeke takriban volti 230, moto na ethi vivyo hivyo, nyutro na ethi karibu na sifuri. Kipimo cha moto na ethi kikishuka sana au kuyumbayumba, huenda ethi imekatika, pengine kwenye fimbo iliyozikwa ardhini. Tafadhali chomoa friji sasa hivi, nayo ikaguliwe, kwa kuwa huenda inavujisha umeme.