Kufuli Lilishikwa, Ukurasa Ukaandikwa

SWALI: Ndugu mhariri, dosari ya usalama iitwayo Dirty COW ilimpaje mtumiaji wa kawaida mamlaka ya msimamizi katika mfumo endeshi wa Linux, ilhali kumbukumbu hulindwa kwa kufuli?

JIBU: Ndugu msomaji, kufuli hilo lilikuwa la kusoma, ambalo nyuzi nyingi, yaani mikondo ya kazi ya programu inayokwenda sambamba, huweza kulishika kwa pamoja. Uzi mmoja uliomba kuandika kwenye faili lililokatazwa, tuseme /etc/passwd, lenye orodha ya akaunti za watumiaji, na kiini (sehemu kuu ya mfumo, inayogawa kumbukumbu) kikautengenezea nakala ya faragha. Kabla haujaandika, uzi wa pili uliagiza nakala itupwe, na kiini, kikiwa kimekwisha kuondoa sharti la kuandika, kikauchukua ukurasa halisi, yaani kipande cha kumbukumbu chenye faili lenyewe, maandishi yakaingia humo. Mwanya ulikuwa mfinyu mno, lakini majaribio yalirudiwa bila kukoma. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliuziba Oktoba 2016, tena bila kufuli jipya: kiini kiliweka alama kwamba nakala imefanywa, kisha kikahakiki kama ingalipo.