Mijusi wachimbaji wasiotulia ndani ya sanduku la kioo

SWALI: Assalaam aleikum, daktari. Mimi ni mkazi wa Likoni na nina kibali cha KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, cha kufuga mijusi wawili wadogo wa aina inayojichimbia mchangani. Nimewaweka katika sanduku la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 40. Nimetia mchanga wa pwani wa sentimita 4, na chini ya sanduku nimeweka kijizulia cha umeme cha kupasha joto. Mchana kutwa wanaparuza pembe za kioo, na mmoja ameanza kukonda. Nimekosea wapi?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu msomaji. Umefanya vyema kuanza na kibali, kwa kuwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumweka mnyama wa porini bila idhini, hata akiwa mdogo kiasi hicho.

Kwanza nakuomba ukizime hicho kijizulia leo hii. Porini joto hutoka juu, kwenye jua, na mjusi wa aina hii akizidiwa huchimba kwenda chini, ambako mchanga ni wa baridi. Ndani ya sanduku lako, kadiri anavyochimba kulikimbia joto ndivyo anavyolikaribia, na mwishowe hubaki na pembe za kioo tu za kukimbilia. Badala yake funga taa ndogo juu ya upande mmoja wa sanduku, nje ya wavu wa kifuniko ili wasiiguse, kiasi cha kuufanya uso wa mchanga chini yake ufikie nyuzi 33 hivi, huku upande wa pili ukibaki karibu na nyuzi 27. Usiku taa izimwe. Msimu wa kaskazi, mchana unapopita nyuzi 30, mara nyingi chumba chenyewe kitatosha bila taa ya joto. Laza kipimajoto juu ya mchanga wenyewe, usikibandike kwenye kioo. Sanduku lisipigwe na jua la dirishani hata kidogo, kwa sababu kioo hunasa joto na mnyama anaweza kufa kwa muda mfupi sana.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, ni mchanga. Kwa mijusi hawa makao ni kina cha mchanga, na sentimita 4 haziwafichi wala haziwapi nafasi ya kuchagua kati ya joto na baridi, ukavu na unyevu. Weka sentimita 15 au zaidi. Hesabu yake ni takriban lita 27, yaani uzito unaozidi kilo 30, kwa hiyo hakikisha meza yako ni imara kabla ya kuanza kumimina. Mchanga wa pwani uondoe wote, kwani una chumvi na vipande vya makombe na matumbawe. Tafuta mchanga laini wa mto, uuchekeche, uuoshe mpaka maji yatoke safi, uuanike, kisha changanya vipimo vitatu vyake na kipimo kimoja cha vumbi la makumbi ya nazi. Usitumie makumbi yaliyofukiwa ufuoni kwa ajili ya kusokota kamba, maana yameshanyonya maji ya chumvi.

Tabaka la chini liwe na unyevu na la juu liwe kavu. Simamisha kipande cha bomba jembamba kwenye pembe ya upande wa baridi, kifike karibu na sakafu, na umimine maji humo kidogo kidogo. Kisha chimba konzi moja kutoka chini na uibane: ikishikamana bila kutoa tone, unyevu unatosha, ikichuruzika, umezidisha, na ngozi ya tumbo itaanza kuoza.

Mawe yakae moja kwa moja juu ya sakafu ya kioo kabla ya mchanga kutiwa, la sivyo mjusi atachimba chini yake na kubanwa. Miguu ya meza itie ndani ya makopo ya maji, kwani sisimizi wa huku kwetu humvamia mnyama aliyefungiwa. Kuhusu lishe, wape nyenje na mchwa walionyunyiziwa unga wa kalisi, wasiotoka katika nyumba iliyopigwa dawa ya wadudu, pamoja na kisahani cha maji kisicho na kina.

Huyo aliyekonda mtenge katika sanduku lake, lenye mpangilio huu huu, kwa sababu huenda mwenzake anamnyima chakula. Baada ya mabadiliko haya wanaweza kupotea mchangani kwa siku kadhaa. Usiwafukue, bali tazama nyayo juu ya mchanga na chakula kinachopungua. Akiendelea kukonda, akilala juu ya mchanga mchana kutwa macho yakiwa yamezama, au ngozi ya zamani ikikwama kwenye vidole, mpeleke kwa daktari wa wanyama bila kusubiri, na uchukue pia kinyesi chake kipya ndani ya kichupa safi ili kipimwe minyoo.