RAM ya DDR4 kwenye OptiPlex 3020: usinunue

Mkuu, umeuliza kama RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya DDR4 ya GB 8 uliyoiona kwa bei nzuri itakaa kwenye kompyuta yako ya Dell OptiPlex 3020. Haitakaa. Mashine hiyo inatumia DDR3, yaani kizazi cha kabla ya DDR4, na pengo la DDR4 (ule mkato kwenye ukingo wa RAM) liko mahali pengine. Ukilazimisha utavunja sloti, yaani sehemu ya kuchomekea RAM. Tafadhali usijaribu.

Zima, chomoa waya wa umeme, toa RAM iliyomo usome lebo. Ukikuta PC3-12800U (msimbo wa aina ya DDR3), tafuta hiyohiyo. Herufi ya mwisho iangalie sana! Ikiwa R, hiyo ni ya seva: inaingia vizuri kabisa, feni zinazunguka, lakini skrini inabaki giza. Niliwahi kuuziwa mbili za namna hiyo, nikahangaika siku nzima nikidhani madabodi (bodi kuu ya kompyuta) imekufa. Kwa hiyo omba ujaribishiwe hapohapo dukani.

3020 ya kawaida ina sloti mbili, mwisho GB 16, yaani GB 8 kila moja. Ile ndogo ya Micro inachukua RAM za laptop. Na kama Windows yako ni ya biti 32, hutafaidi zaidi ya GB 4 mpaka uweke ya biti 64.