Kwa wanaoanza kuongoza vikao vya mtaa

Kama umepewa kikundi chako cha kwanza cha watu wa kuzungumza machungu waliyoachiwa na mafuriko na ukame, Mathare au Mukuru, mitaa ya mabanda ya Nairobi, usianze na joto la dunia. Mimi nilianza hivyo. Nilibandika mchoro ukutani, nikaeleza dakika 20, hadi mzee mmoja akaniuliza, "Kijana wangu, unatuonyesha mvua kwa karatasi, na sisi tumelala ndani ya maji?" Niliubandua. Siku hizi naanza na swali moja: mafuriko ya 2024 yalikukuta wapi?

Maneno "afya ya akili" usiyatie kwenye tangazo. Watadhani wameitwa wendawazimu. Sisi tulisema chai ya Jumamosi. Habari ya nauli imalize mlangoni, la sivyo watu watakaa wakingoja bahasha. Na wasizidi 12, maana wakizidi wataongea wenye sauti tu.

Mvua ikianza kikao kikiendelea, nyamaza utazame. Novemba moja matone yaligonga mabati, na mama aliyekuwa akicheka akainama, akavaa viatu, akafunga kamba, kisha akajigusa kifuani. Alikuwa na kitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vimekunjwa ndani ya pakiti ya maziwa iliyooshwa. Hulala navyo tangu Aprili ile. Ningemuuliza mwaka mzima asingeniambia.

Si kila huzuni ni ya mafuriko, lakini. Soja mmoja, mlinzi wa usiku, mtu wa Marsabit, alikaa vikao 3 bila neno. Kwao mvua ilikosa misimu 5 mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, ng'ombe wakaisha, naye yuko Nairobi anakula ugali wa mshahara. Alikuwa anaona aibu kushiba. Hapo usitoe ushauri. Ukiwashwa na ulimi, kunywa chai.

Mtu akisema hataki kuishi, hilo halingoji wala halijadiliwi mbele ya watu. Toka naye nje, mpigie pamoja 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.

Kuna wanaofundisha kwamba kikao kiwe cha kuongea tu, kisiguse kazi. Huku kwetu, waliobomolewa nyumba ukingoni mwa mto wakishalia huuliza sepetu iko wapi. Basi tunatoka kuzibua mtaro, na mengi ambayo hayakusemwa ndani nimeyasikia huko, kila mtu akiwa ameinama.