Mwanao kaletewa dili la matangazo? Asisaini usiku huohuo

Saa tano kasoro usiku, ndo kwanza navua viatu nimetoka shifti, simu inaita. Binti yangu, yuko chuo mwaka wa pili, anacheza kikapu. "Shikamoo mama, nimepata dili! Wanataka nisaini leoleo!" Kampuni ya vinywaji vya mazoezi, mkataba uko kwenye simu, unasaini kwa kidole. Nikamwambia hongera mwanangu, saini, Mungu mwema. Basi. Hiyo ndo ilikuwa kazi yangu yote ya uzazi siku ile na mpaka leo naijutia.

Kwa ambao mko nyumbani na hamjui mambo ya huku Marekani, zamani mwanamichezo wa chuo akipokea hata hela kidogo ya kusaini jezi ilikuwa kosa, angeweza kufungiwa. Tangu Julai 1, 2021 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ikaruhusu wapate hela kwa jina lao na sura yao, wenyewe wanaita NIL, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa. Ila yale mamilioni mnayoyasikia ni ya wachache, hasa vijana wa football ya Kimarekani na kikapu cha wanaume. Watoto wetu wengi wanaletewa katoni za kinywaji, pea ya viatu, dola mia tatu kwa posti. Na hizo ndogondogo ndo zinatuumiza, maana nani atamtafuta mwanasheria kwa dola mia tatu?

Ule mkataba nilikuja kuusoma miezi baadaye, nimekaa jikoni na chai imepoa. Kurasa tisa. Ukurasa wa saba umeandikwa kampuni inaweza kutumia picha na video zake popote duniani, kwa tangazo lolote, bila kikomo cha muda. Yaani analipwa miezi sita, picha wanabaki nazo mpaka awe bibi! Chini yake kuna mstari mmoja mdogo kwamba kwa mwaka mzima hatatangaza kinywaji cha mtu mwingine. Na kweli, haujaisha mwaka duka la juisi karibu na chuo wakamtaka, dola 1,200 kwa video nne tu, ikabidi akatae. Zile hela tuliziona kwa macho.

Siku hizi mkataba nauanzia nyuma. Hela iko ukurasa wa kwanza, imeandikwa kwa herufi nene, haina haja ya kutafutwa, mimi natafuta mtoto anatoa nini. Picha watatumia mpaka lini? Anazuiwa kufanya kazi na nani? Wakichelewa kumlipa inakuwaje? Akiumia goti, au akihama chuo, dili linakufa au anadaiwa? Na wao wakitaka kuvunja wanavunja, je na yeye anaweza? Kisichoeleweka naandika imeili naomba kibadilishwe, na nawaambia wazazi wenzangu, wanabadilisha! Sisi tumelelewa kuona karatasi ya ofisi ni msahafu, kumbe wenzetu wanaandika wakitegemea utabishana.

Na kiwe kwenye maandishi. Mwaka 2024 Matthew Sluka, kwotabeki (mrushaji mpira mkuu wa football) wa chuo cha UNLV kule Las Vegas, aliacha timu katikati ya msimu, timu imeshinda mechi zote tatu, upande wake wakisema aliahidiwa dola 100,000 kwa mdomo na hazikuja. Chuo kikakana. Kwa mdomo, utamshika nani?

Ukiona mtu anatoa hela nyingi leo halafu anataka asilimia ya kesho, hapo kaa chini kabisa. Gervon Dexter, mchezaji wa football, alipokuwa University of Florida mwaka 2022 alipewa dola 436,485, na yeye akaahidi asilimia 15 ya mapato yake ya NFL, ligi kuu ya football, kwa miaka 25. Miaka ishirini na mitano bana, huo si udhamini ni mkopo umevaa suti. Alipofika ligi kuu alienda mahakamani kuupinga. Hata wakala wa kawaida muulize anakata kiasi gani na kwa dili zipi, zile alizoleta yeye au hata zile mtoto kajitafutia. Majimbo mengi yana sheria inayompa mwanafunzi siku 14 za kufuta mkataba na wakala, wengi hawaijui.

Kodi sasa. Mwaka ule binti alipata dola 2,400 taslimu na vitu vya kama 800, na mimi najua hela ndogo hivyo haina kodi. Januari ikaja fomu ya 1099, ile inayoonyesha serikali umelipwa kiasi gani. Kweli kodi ya mapato hakudaiwa, ila kuna ile ya aliyejiajiri, asilimia 15.3, inaanza ukiwa na faida ya dola 400 tu kwa mwaka, na vile viatu navyo vinahesabika. Ikaja karibu dola 450, na hela alishazila zamani. Tukalipa mimi na baba yake. Sasa kila malipo yakiingia, robo inaenda akaunti nyingine kabla hajaigusa. Kumbuka pia mapato hayo yanaingia kwenye FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa ada wa serikali, kwa hiyo msaada wa ada unaweza kupungua.

Kabla ya kusaini apeleke mkataba ofisi ya chuo inayosimamia sheria za michezo, ni bure, na kwa Division I, daraja la juu la michezo ya vyuo, dili la nje likifika dola 600 lazima liripotiwe. Kama bado yuko hai skuli ulizeni kwanza, kila jimbo na sheria yake.

Halafu wale ambao mtoto katoka nyumbani na viza ya mwanafunzi, F-1, tafadhali, hayo niliyosema juu yote muyaweke pembeni kwanza. NCAA kuruhusu si uhamiaji kuruhusu. Kupiga picha ya tangazo akiwa hapa inaweza kuhesabika ni kazi bila kibali. Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi aliyekuwa chuo cha Kentucky, mwaka 2022 alikuwa mchezaji bora wa kikapu wa vyuo nchi nzima na bado matangazo ikabidi ayafanyie Bahamas timu ilipoenda kule kucheza. Kama yeye alihangaika hivyo, wa kwako asijaribu hata posti ya katoni ya juisi kabla hajaonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni na mwanasheria wa uhamiaji, na majibu yao ayaombe kwa imeili.