Umeajiriwa na ni mjamzito: hesabu tarehe zako kabla hujasema

Kila ifikapo Juni na Julai, maofisini na viwandani Iringa, Mafinga na Njombe, wadogo zetu wapya kazini wanarudia kosa lilelile la kuficha mimba. Baridi ndiyo inayowasaidia: sweta zito, koti juu, kitenge mabegani, na tumbo la miezi sita halionekani. Joto likirudi koti linavuliwa, na mwajiri anapata habari kwa macho ya wafanyakazi wenzao. Wakati huo muda wa kutoa taarifa umeshapita, na haki ambayo ilikuwa yao inageuka kuwa kitu cha kuombwa kwa unyenyekevu. Inauma kuona, kwa sababu kinga yake ni karatasi moja.

1. Kliniki kwanza. Anza kabla ya wiki ya 12, maana tarehe ya matarajio ya kujifungua ndiyo inayobeba hesabu zote. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha miezi 9. Hedhi ikiwa ilianza 10 Januari, matarajio ni 17 Oktoba. Kama siku zako hazina mpangilio, fuata tarehe ya kipimo cha utrasaundi kilichofanywa mapema.

2. Sasa kaa na kalenda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka umjulishe mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya kujifungua, ukiambatanisha cheti cha daktari. Kwa mfano wetu, mwisho ni 17 Julai. Likizo unaweza kuianza wiki nne kabla, yaani 19 Septemba, au mapema zaidi daktari akithibitisha kuna haja. Ni siku 84 zenye malipo, na Jumapili na sikukuu zimo humo. Ukianza 19 Septemba inaisha 11 Desemba, mtoto ana wiki nane tu. Ukiwa na afya njema ukaanza 10 Oktoba, inaisha 1 Januari na mtoto anakaribia wiki 11. Wengi huondoka mapema kwa sababu tu wameambiwa inaruhusiwa, kisha Desemba wanalia. Pacha wanakupa siku 100. Ndani ya wiki sita baada ya kujifungua hauruhusiwi kurudi kazini bila daktari kuthibitisha kuwa ni salama.

Tarehe inayosahaulika kuliko zote ni ile ya kuajiriwa. Mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo, ukiacha wa msimu na wale waliofanya kazi kwa mwajiri huyohuyo zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, jumla ikazidi miezi sita. Ukianza kazi 1 Machi, miezi sita inatimia mwisho wa Agosti, na likizo ya Septemba inalipwa. Ukianza 1 Juni, inatimia mwisho wa Novemba na mtoto anakuja Oktoba. Hapo unaingia ofisini kujadiliana: nusu mshahara, au wiki kadhaa za malipo. Soma pia mkataba wa hali bora kama chama cha wafanyakazi kimesaini mmoja pale, maana unaweza kuwa na masharti mazuri kuliko sheria. Mkikubaliana, yaandikwe na yasainiwe.

3. Barua. Wadogo zangu, hapa ndipo mnapotuumiza. Mnamwambia msimamizi kwenye korido, anatabasamu, anasema "hongera, tutaangalia," nanyi mnaamini mmeshatoa taarifa. Miezi miwili baadaye msimamizi kahamishiwa tawi la Songea na faili lako halina kitu. Ujumbe wa simu nao ni adabu njema, lakini hauna muhuri. Andika ukurasa mmoja: jina, cheo, tarehe uliyoajiriwa, tarehe ya matarajio, siku unayoanza likizo, siku unayorudi, na siku unazotarajia kwenda kliniki. Ambatanisha cheti cha daktari. Kadi ya kliniki toa kivuli tu. Kadi yenyewe usiiache kwa afisa utumishi hata akikubembeleza, kwa sababu utaihitaji kila hudhurio na usiku wa uchungu. Chapisha nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saini, urudi nayo nyumbani. Na toeni yale maneno "naomba radhi kwa usumbufu." Hakuna kosa mlilotenda.

Kwenye usaili sheria haikudai useme, na marufuku ya ubaguzi kwa sababu ya ujauzito inamlinda hata mwombaji wa kazi.

4. Kazi hatarishi haisubiri hesabu hizo. Kama unachanganya viuatilifu kwenye duka la pembejeo, unapulizia parachichi, au uko kwenye kiwanda cha nguzo kinachotumia dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, sema siku unayojua. Mwajiri hatakiwi kukuacha hapo, na inapowezekana akupe kazi nyingine yenye masharti yasiyopungua ya mwanzo. Zamu ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, imekatazwa kuanzia miezi miwili kabla ya tarehe ya matarajio. Mapema zaidi ukiwa na cheti.

5. Muda wa majaribio. Wanaotishwa hapa ni wengi. Chini ya miezi sita kazini huwezi kudai kuachishwa isivyo halali, hilo ni kweli, lakini kifungu cha ubaguzi hakina subira hiyo. Ukifukuzwa kwa sababu ya mimba, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ujaze Fomu Namba 1 ndani ya siku 30, ukiwa na ile nakala yenye muhuri. Bila nakala, mwajiri atasema hakujua kama una mimba.

6. Makabidhiano yaandikwe wiki mbili kabla ya kuondoka: funguo, mafaili, wateja wanaodai.

7. Kunyonyesha. Unaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi, na zipangwe kwenye barua ileile. Kule Mbeya, anayefanya kazi Mwanjelwa na kuishi Uyole asiombe zote mchana, kwa sababu zitaishia kwenye foleni barabarani. Aombe kuingia saa moja baadaye na kutoka saa moja mapema.